Tangazo Litoke, Ukurasa Ubaki

Jambo la kwanza ni meza. Kadi ya tangazo iliyobandikwa katikati ya jarida ikivutwa jarida likiwa mapajani, au kwenye kiti cha basi linalotoka stendi ya Nyabugogo jijini Kigali, ukurasa ulio chini yake hauna pa kuegemea. Unapinda, unafuata mkono, na mwisho unaondokewa na kipande cha picha au nusu ya aya. Jarida likilazwa juu ya meza safi na kavu, ukurasa unaotakiwa kubaki ukiwa chini na tangazo juu, sehemu kubwa ya kazi imekwisha kabla kidole hakijagusa gundi.

Majarida yanayosomwa Kigali yana asili nyingi. Lipo Inzozi, jarida la abiria wa RwandAir. Lipo Jeune Afrique, lililozaliwa Tunis mwaka 1960 na baadaye kuhamia Paris, likatoka kila wiki kwa miaka mingi na tangu 2020 likawa la kila mwezi. Lipo The EastAfrican, gazeti la Nairobi linalotoka kila wiki tangu 1994. Kwa magazeti ya namna hiyo vipeperushi kwa kawaida huchomekwa tu, wala havina haja ya mwongozo wowote. Na yapo majarida ya mitindo na ya harusi ambayo ndugu hurudi nayo kutoka Brussels au Dubai, yakazunguka saluni za Remera na Nyamirambo mpaka jalada likapauka. Kila kiwanda cha uchapaji kina mashine zake na gundi yake, kwa hiyo mbinu iliyofaa kwenye jarida moja yaweza kuliharibu jingine. Asiyetaka hasara huanza kwa kuitambua gundi.

Iliyo rahisi kuliko zote ni ile laini, inayovutika, ambayo ikisuguliwa kwa kidole hujikunja ikawa kijidonge. Ndiyo hiyo hiyo inayoshika kadi mpya ya benki kwenye barua yake. Ilitengenezwa makusudi iachie: hukaa juu ya karatasi bila kuzama ndani. Ya pili ni gundi ya moto, ambayo mashine huimimina ikiwa imeyeyushwa kwa joto la zaidi ya nyuzi mia moja, nayo hupoa na kukauka pale pale. Kwa kawaida huonekana kama ukanda mwembamba ulio karibu na mgongo wa jarida, na tangazo lote lililobaki huning'inia bila kushikwa. Ya tatu, yenye matata, ni gundi nyeupe ya maji, ndugu wa ile ya maseremala. Hii huingia kati ya nyuzi za karatasi ingali majimaji. Ikikauka, imekuwa sehemu ya karatasi yenyewe.

Kuzitofautisha si kazi ngumu. Kona ya tangazo iinuliwe kidogo tu, kisha gundi ibonyezwe kwa ukucha. Ikibonyea na kurudi, ni ile laini. Ikiwa ngumu lakini ina unene unaoonekana, ni ya moto. Kama hakuna hata cha kubonyeza, karatasi mbili zimeshikana tu utadhani zilizaliwa pamoja, hiyo ni nyeupe, na mtu ajiandae kwa subira.

Karatasi nayo ina tabia yake. Ile inayong'aa imepakwa tabaka la udongo mweupe laini, kaolini, au unga wa chokaa, na picha imekaa juu ya tabaka hilo, si ndani ya nyuzi. Ndiyo maana ukurasa unaong'aa ukichubuka huacha doa jeupe lenye manyoya: tabaka limeondoka pamoja na wino wake, na hakuna wa kulirudisha. Tabaka hilo likilowa hulainika na kuanza kunata. Kurasa mbili za aina hiyo zikilowa na kukauka zikiwa zimegusana, haziachani tena. Kwa sababu hiyo mvuke wa birika, ambao watu wengi huutumia kubandua stempu kwenye bahasha, haufai hapa hata kidogo. Karatasi ya gazeti la kawaida haina tabaka hilo na inavumilia unyevu kidogo, ila nyuzi zake ni dhaifu na huchanika kwa kuvutwa tu.

Sasa mkono. Kiganja cha kushoto kilazwe juu ya ukurasa, kidole gumba kikiwa karibu kabisa na mstari wa gundi. Mkono wa kulia ushike ukingo wa tangazo na kuukunja nyuma, mpaka tangazo lijilalie lenyewe, kisha livutwe chini chini, karibu kabisa na meza. Lisivutwe kwenda juu. Likivutwa wima, nguvu yote inauinua ukurasa. Likikunjwa na kurudishwa nyuma, karatasi inayopinda kwa ukali ni ya tangazo, na kama kuna kitakachochanika, kitakuwa tangazo. Wanaoharibu majarida wengi hawashindwi na gundi. Wanashindwa kwa kujaribu kuviokoa vyote viwili, kadi ya punguzo la bei na makala iliyo chini yake. Ni lazima kuchagua kabla ya kuanza. Kama kinachotakiwa ni kadi, mambo yageuzwe: kadi ilale mezani na ukurasa ndio ukunjwe.

Mwendo una maana kama pembe. Gundi laini hukaza inapovutwa kwa haraka na hulegea inapovutwa polepole, kwa hiyo yule anayetaka kumaliza kwa mpigo mmoja ndiye anayeipa gundi nguvu. Kama ukanda umekwenda sambamba na mgongo, kazi ianzie ncha ya juu au ya chini na kuufuata urefu wake, milimita chache kwa mara moja. Kuuvuta urefu wake wote kwa pamoja ni kupambana na gundi yote kwa wakati mmoja. Zikisikika sauti za nyuzi kukatika, au manyoya meupe yakianza kuonekana, mkono usimame hapo hapo na kazi ianze upya kutoka upande wa pili.

Penye gundi ya moto, uzi wa kusafishia meno unasaidia kuliko kisu. Uchaguliwe usio na nta wala ladha, upitishwe kati ya tangazo na ukurasa, ncha mbili zishikwe, kisha uvutwe huku na huku kama msumeno, ukielemea upande wa tangazo. Kisu cha mezani chenye ncha butu pia hufaa, mradi kiwe kimelala. Wembe hapana, unafaa kazi nyingine itakayoelezwa baadaye. Kadi ya kwanza iliyobanduliwa isitupwe, kwa maana ni ngumu kiasi, nyembamba kiasi, na inateleza vizuri chini ya kadi ya pili.

Uzi ukishindwa, ipo njia ambayo haina aibu yoyote: tangazo likatwe kwa mkasi kandokando ya gundi na ukanda wenyewe uachwe ulipo. Kipande cha milimita tano karibu na mgongo hakimzuii mtu kusoma. Penye gundi nyeupe hiyo ndiyo njia ya busara tangu mwanzo, na anayesisitiza kuitoa yote atapata tundu.

Kwa wenye gundi laini iliyozeeka na kuanza kunata vibaya, baridi ni rafiki. Ikipozwa sana hupoteza mvuto wake, ikawa inabanduka kwa vipande. Wahifadhi wa karatasi katika nchi nyingine hulifunga jarida kwenye mfuko wa plastiki kabla ya kuliweka kwenye friza, ili umande usiliguse. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, na mwaka 2019 sheria ikaongeza vyombo vya plastiki vinavyotumiwa mara moja na kutupwa. Mkazi wa Kigali basi atafute chombo kipana cha chakula chenye mfuniko unaobana, jarida lilale humo likiwa limezungushiwa karatasi kavu, na likae kwenye friza kwa saa mbili hivi. Likitoka, kazi ifanywe haraka, kwa dakika moja au mbili, kisha lirudi ndani ya chombo kilichofunikwa na kuachwa juu ya meza mpaka lipate joto la chumba. Hewa yenye unyevu ikilikuta jarida baridi, maji hujitengeneza juu ya karatasi inayong'aa, na madhara yake yameshatajwa. Njia hii ni ya kiangazi, Juni hadi Agosti. Wakati wa mvua za Machi hadi Mei, au zile za kuanzia Septemba hadi Desemba, afadhali isijaribiwe.

Joto nalo ni dawa ya gundi ya moto, na Kigali haina uhaba wa vifaa: kila mtaa una saluni na kila saluni ina mashine ya kukaushia nywele. Iwekwe joto la wastani, ishikwe umbali wa shubiri moja, na ipulize upande wa tangazo kwa sekunde kumi na tano au ishirini huku ikisogezwa, isitulie mahali pamoja. Kona ikianza kulegea, mashine iwekwe chini na tangazo livutwe taratibu, pembe ile ile ya kujilalia. Ikipoa kabla haijaisha, joto lirudiwe.

Hapa lipo onyo ambalo husahaulika. Majarida mazito yenye mgongo wa bapa hayakushonwa wala kupigwa pini. Kurasa zake zote zimeshikwa na gundi ya moto mgongoni. Joto linalolegeza kadi ya tangazo laweza kulegeza jarida zima, na mtu akajikuta na fungu la karatasi mkononi. Kabla ya kuwasha mashine, kipande cha kadibodi kikunjwe na kufunika mgongo. Pasi ya nguo isikaribie kabisa.

Wengi hukimbilia vimiminika, na hapo ndipo majarida mengi hufia. Jeli ya kutakasa mikono, iliyojaa kila kaunta wakati wa korona, ina maji na gliserini. Huacha mawimbi kwenye karatasi na doa lisilokauka. Dawa ya kutoa rangi ya kucha ikiwa na asetoni hula wino na vanishi ya jalada. Mafuta ya taa huacha mzunguko wa mafuta ambao hautoki, na petroli ni kuchezea moto tu. Spiriti ya dawa yenye nguvu ya asilimia 70 inaonekana haina madhara, lakini asilimia 30 iliyobaki kwa kawaida ni maji. Kama kimiminika hakikwepeki, itafutwe alkoholi aina ya isopropili ya asilimia 99. Ijaribiwe kwanza juu ya tangazo lenyewe, ambalo mara nyingi limechapwa kwa wino na karatasi ya aina moja na jarida: pamba ya masikio ichovywe, ikamuliwe, iguse rangi. Pamba ikitoka nyeupe, kazi inaweza kuendelea kwenye ukanda wa gundi tu, dirisha likiwa wazi na jiko la mkaa likiwa mbali.

Mabaki ya gundi laini hayahitaji dawa yoyote. Kijidonge cha gundi hiyo hiyo kikipigwapigwa juu ya mabaki huyakusanya, kwa kuwa gundi hushikana na mwenzake kuliko inavyoshika karatasi. Kikibaki kinato kisichotoka, poda ya mtoto kidogo inapakwa kwa brashi laini, inaachwa dakika chache, kisha inapanguswa. Ukurasa wa jirani hautanasa tena.

Si kila tangazo lenye ukaidi limebandikwa. Jingine limefungwa pamoja na jarida. Katika jarida la pini, kadi ngumu inayoonekana katikati ya kurasa 20 na 21 huwa na mwenzake upande wa pili wa mgongo, hata kama ni ulimi mfupi tu, kwa kuwa ni karatasi moja iliyokunjwa. Anayeng'oa upande mmoja atashangaa wa pili ukidondoka siku nyingine, au pini zikipanua matundu ya kurasa nzuri. Jarida lifunguliwe katikati kabisa, miguu ya pini iinuliwe kwa kisu butu, kurasa zitolewe mpaka ifikiwe kadi, itoke nzima, kisha kurasa zirudishwe kwa mpangilio na miguu ya pini ilazwe kwa mgongo wa kijiko. Inachukua dakika tano na haichani chochote.

Kwa jarida la mgongo wa gundi, hapa ndipo wembe una kazi yake. Kila ukurasa umeshikwa peke yake kwa ukingo wake, na ukivutwa mmoja, ganda la gundi hupasuka na jirani zake hufuata, leo au baada ya mwezi. Kadi iwekewe kadibodi chini, rula ya chuma juu, na ikatwe kwa wembe mpya kwa kuacha kisiki cha milimita tano hadi kumi. Mikato miwili mitatu ya mkono mwepesi ni salama kuliko mmoja wa nguvu, ambao hupita kadibodi na kuwafikia wasiohusika.

Vipakiti vya shampuu na losheni vishughulikiwe kabla ya kadi zote, na kabla majarida hayajapangwa chungu. Uzito wa majarida machache tu unatosha kupasua kipakiti, na mafuta yake hupenya kurasa kadhaa kwa usiku mmoja. Visibanduliwe kwa kubinywa. Karatasi inayovishika ikatwe pembeni. Vivyo hivyo kurasa za manukato, zilizoenea katika majarida ya mitindo ya Marekani katika miaka ya 1980. Chini ya ulimi uliokunjwa kuna vidonge vidogo mno vya mafuta yenye harufu, ambavyo hupasuka ulimi unapofunguliwa. Anayetaka kuutoa asiufungue. Aukate ulivyo, la sivyo makala za jirani zitanukia kwa miezi.

Ajali ikitokea, selotepu isiguswe. Miaka michache baadaye huwa ya manjano, gundi yake hutambaa, na doa lake ni baya kuliko mchaniko wenyewe. Mchubuko mpya ulazwe mahali pake kwa mgongo wa ukucha ukiwa bado na nyuzi zake. Mchaniko hutengenezwa kwa kipande chembamba cha karatasi nyepesi isiyong'aa na gundi ya unga: kijiko kimoja cha unga wa ngano, vijiko vitano vya maji, moto mdogo, koroga mpaka iwe nzito na ing'ae, chuja, iache ipoe. Ipakwe kwenye kile kipande, si kwenye jarida, na iwe kidogo sana, maana karatasi inayong'aa inasikilizia kila tone na wadudu wanapenda unga. Juu na chini iwekwe karatasi ya kuokea isiyoshika, na kitabu kizito juu yake mpaka kesho.

Limebaki swali la kama tangazo litoke kweli. Kwa jarida la saluni au la chumba cha kusubiria, jibu ni rahisi: kadi hukera, hulifanya jarida lijifungue pale pale kila mara, na mwishowe mgongo hupasuka hapo. Kwa mkusanyaji mambo ni tofauti. Zamani maktaba nyingi duniani zilikuwa zikiondoa kurasa za matangazo kabla ya kuyafunga majarida ya mwaka kuwa kitabu kimoja, zikiamini zinahifadhi kilicho muhimu. Watafiti wa leo wanayatafuta matangazo hayo hayo. Mwanahistoria Timothy Burke aliandika mwaka 1996 historia ya sabuni na usafi wa mwili nchini Zimbabwe, na matangazo ni sehemu ya ushahidi wake. Anayemiliki matoleo ya Joe, jarida la vichekesho lililoanzishwa Nairobi mwaka 1973 na Hilary Ng'weno na Terry Hirst, au ya gazeti la Kinyamateka la Rwanda, lililoanza 1933, au ya Hobe la watoto, lililoanza 1954, asing'oe kitu. Hata kipeperushi kilicholegea kinaeleza bei, mtaa na maduka ambayo huenda hayapo tena. Mwenye kusita apeleke swali maktaba kabla ya kushika wembe. Maktaba ya Umma ya Kigali ipo Kacyiru tangu 2012.

Anayeondoa lakini hataki kupoteza, apige picha kwanza kwa simu, tangazo likiwa bado mahali pake, ukurasa wote uonekane. Kisha kadi iingie kwenye bahasha ya kaki, na nje yake iandikwe kwa penseli jina la jarida, tarehe ya toleo na kurasa mbili ilizokuwa kati yake. Penseli, kwa kuwa wino hupenya. Vibanio vya chuma visitumike, maana kutu huanza msimu wa kwanza wa mvua. Kadi yenye gundi iliyobaki ifunikwe kwa kipande cha karatasi ya kuokea upande unaonata. Bahasha isirudishwe ndani ya jarida, kwa sababu unene wake utaukandamiza mgongo pale pale palipotolewa kadi. Ikae kando, kwenye sanduku lile lile, na sanduku liinuliwe kutoka sakafuni na kuachanishwa na ukuta wa nje.